Swali Ambalo Bibi Lubaba Hakuliuliza

Wametusimulia waliotutangulia katika kuhifadhi habari za waja wema kwamba palikuwa na mji wa mitende ukingoni mwa jangwa, na humo akiishi mwanamke mcha Mungu, Bibi Lubaba binti Wadhah, Mola amrehemu. Alikuwa mjuzi wa fikihi, na wanawake wa mji wote walimwendea kwa masuala ya dini yao.

Walianza hivyo. Kisha wakazoea. Aliyekuja kuuliza hukumu ya saumu yake akakumbuka, akiwa mlangoni, kuuliza na kitambaa akitie rangi gani. Mwingine akataka kujua awapikie nini wakwe. Mwingine akaja na mwanambuzi kifuani: "Bibi, tumwiteje huyu? Jina likitoka kinywani mwako lina baraka."

Na Bibi Lubaba, kwa kuchelea asije akamrudisha mja wa Mungu mikono mitupu, akajibu yote. Watu wa mji ule walikuwa na ada ya kailula, ule usingizi mfupi wa mchana jua linapokuwa utosini. Yeye akaiacha. Waume wakilala, ndipo wake zao walipopata upenyo wa kumjia, na kila aliyepita akamsifu: mashallah, Bibi halali!

Ikafika hadi akisimama katika sala hajui yuko rakaa ya ngapi. Siku moja mdogo wake, Raita, alimkuta jikoni analia, mkono mmoja tende, mkono wa pili mkate.

"Umeungua, dada?"

"Sijui nile kipi."

"Basi kalale."

"Nitalala kaburini."

"Kaburini nako kuna maswali," akasema Raita. "Utayajibu kwa kichwa kipi?"

Bibi Lubaba hakuwa hata na nguvu ya kukasirika. Alirudi barazani.

Hapo akaletewa Ghaniya, binti yatima aliyekuwa aolewe kesho yake na Hudhaifa, kijana jirani. Hina ilikuwa imekwisha kukolea viganjani mwake. Aliongozana na ajuza wa mtaani, Ummu Qais, ambaye dhamiri ilikuwa ikimsumbua.

"Bibi, siwezi kunyamaza. Mamake huyu, Mungu amrehemu, alimnyonyesha Hudhaifa. Si mara moja wala mbili. Niliona kwa macho yangu."

Maneno yale yalimfikia Bibi Lubaba kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Alitaka jambo moja tu, liishe.

"Waliokutana katika ziwa moja ni ndugu," akasema. "Hapana ndoa. Nani anafuata?"

Ghaniya alivitazama viganja vyake. "Ndiyo, Bibi," akasema, akaondoka. Aliyefuata alikuwa yule wa mwanambuzi, na Bibi Lubaba akamjibu kwa pumzi ileile.

Alipoinuka alipepesuka. Raita akamshika, akamlaza, akafunga mlango, akaketi nje kizingitini na ukili wake wa kusuka.

"Fungua, sisi tuna haja!" wakalalama wanawake. "Na Bibi mwenyewe hana mazoea ya kulala."

"Atayapata leo. Mwenye dharura angoje hapa nami. Mwenye kutaka rangi ya kitambaa, macho anayo."

Hakungoja hata mmoja.

Bibi Lubaba alilala usingizi mzito usio na ndoto. Alipozinduka jua lilikuwa limepinda, na kabla hajafumbua macho swali lilikuwa limeketi kifuani mwake, jepesi, la wazi, swali ambalo mwanafunzi wa mwanzo hulijua: Hudhaifa alinyonya akiwa na umri gani? Maana anyonyaye baada ya umri wa kunyonya hawi ndugu wa mtu.

Alitoka bila kungoja viatu, akaenda kwa Ummu Qais.

"Umri?" ajuza akacheka. "Alikuwa jibaba, Bibi! Anatoka mchezoni mbio, ananyonya wima, anarudi kwenye mawe yake. Yule marehemu alikuwa na huruma za ajabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Bibi."

Akarudi njiani, na hapo ndipo mtihani wenyewe ulipomkabili. Mji mzima umekwisha kusikia hukumu yake. Akinyamaza, hapana ajuaye, na heshima yake itabaki kamili. Akisema, nani atamwamini tena? Nafsi ikambembeleza: kesho, kesho ukiwa na nguvu. Lakini safari hii kichwa kilikuwa kimepumzika, akaitambua nafsi kwa sauti yake.

Aliwakuta shangazi zake Ghaniya wakimsugua kiganja kwa ndimu na chumvi ili hina itoke. Binti hakuwa akilia. Alikuwa ametoa mkono tu, kama usio wake.

"Mwacheni," akasema Bibi Lubaba mbele ya wote. "Ndoa ni halali. Nilikosea. Nilikuwa nimechoka, nikahukumu bila kuuliza."

Shangazi wakauachia mkono. Kisha shangazi mmoja akasema, "Na yale majibu mengine ya leo?"

"Ya dini, njooni niyatazame upya, kila moja. Ya vitambaa na mboga, yarudisheni kwenu. Na jua likiwa utosini, mlango wangu umefungwa."

Ghaniya akaolewa kesho yake, kiganja kimoja chekundu, kimoja kimepauka. Shangazi walitaka kukipaka upya, yeye akakataa. Inasemekana kila mwanamke aliyemwona arusini aliinamisha macho.

Nasi tukitafakari, twaona kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na hasira, na uchovu hupofusha vilevile, ila wenyewe hauna kelele. Aliyetuumba ndiye aliyetuumbia usingizi, wala hakutuumbia kwa bahati mbaya. Basi mwenye kumsifu mama yake au mwalimu wake kwamba halali, na ajiulize kwanza yeye amelala saa ngapi, na ni nani aliyekesha kwa ajili yake.