Masale ya Dereva

Wahenga waliposema kuwa mkana kwao mtumwa, hawakusema kuwa ni maskini, wala hawakusema kuwa ni mjinga. Mtu anaweza kukana kwao akapata suti, saa ya mkononi na mchumba mzuri wa kwenda naye kanisani. Utumwa walioutaja ni mwingine. Ni wa mtu ambaye hawezi kuingia katika nyumba alimozaliwa bila kupiga hodi kama mgeni. Elinami aliusoma msemo huu shuleni, akautungia insha, na insha yake ikasomwa mbele ya darasa zima. Kuuelewa kulimchukua muda mrefu zaidi, na alifundishwa na mama yake.

Elinami alizaliwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Tengeru, pale ambapo migomba na mibuni hukaribia kukutana na msitu. Baba yake alifariki mapema. Mama yao, Mama Nashilu, akamlea yeye na dada yake Nashilu kwa kupika pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo hiyo akamfikisha Elinami sekondari. Huko wenzake walimtania kwamba hata sweta lake linanuka kimea. Mwingine angecheka nao yakaisha, lakini Elinami aliliweka neno hilo moyoni, na likaota mizizi.

Zilipokuja enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Arusha yalijaa sabuni za kila harufu na mitumba ya kila rangi, na kampuni za watu binafsi za kutembeza watalii zikachipuka kama uyoga baada ya mvua. Elinami alipata kazi ya udereva katika mojawapo. Mjini alitumia jina lake la ubatizo, Stanley, na hilo halikuwa kosa. Kosa lilikuja siku mama yake aliposhuka na mkungu wa ndizi kichwani, kanga imejaa utomvu, akasimama kwenye geti la kampuni akimuulizia mwanawe. Stanley alikuwa amesimama na wenzake. Akamwambia mlinzi, "Huyo ni muuza ndizi tu. Mlipe aende zake."

Mama alisikia. Aliutua mkungu taratibu, akaiacha hela mkononi mwa mlinzi, akaondoka. Tangu siku hiyo Elinami hakukanyaga kwao. Na alipompata Violet, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa familia ya Kilutheri kutoka Machame, akaulizwa habari za wazazi, ulimi ulimponyoka: "Walishafariki wote wawili." Violet alimwonea huruma sana. Uongo ukipewa huruma hunenepa, na huo ulinenepa mpaka ukakosa mlango wa kutokea.

Kabla ya kupokea posa, baba yake Violet, Mzee Ephraimu, alitaka kumfahamu vizuri kijana huyu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache na kofia isiyotoka kichwani. Ikapangwa safari ya kutwa. Wangekwenda Momela wakale chakula kando ya maziwa, wakitazama twiga na mlima. Stanley aliazima gari la kampuni. Violet alimwalika na rafiki yake Maulida, nesi kutoka Tanga aliyekuwa hajawahi kuuona Mlima Meru bila mawingu.

Walipofika Usa River waliambiwa kuwa mvua ya usiku imekata barabara ya Momela.

"Basi si neno," alisema Mzee Ephraimu. "Turudi Tengeru tupande juu. Nasikia kuna maporomoko ya maji kule. Wanyama nimewaona wengi, leo tukaone watu."

Stanley hakugeuza gari. Akasema njia ni mbaya, akasema kuna utelezi, akasema wenyeji wa kule hawapendi wageni. Mungu amsamehe, maana hilo la mwisho lilikuwa tusi kwa watu waliomlea. Lakini Maulida alikwisha kuanza kushangilia, na baba mkwe akisema twende, mkwe mtarajiwa hana budi kwenda.

Na kwa kweli palipendeza. Maji ya mifereji yaliimba kando ya njia, maua ya kahawa yalikuwa meupe kila upande, na wanawake waliobeba majani ya ng'ombe waliwapisha na kuwasalimu. Stanley alitembea ameinamisha uso, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Walikuwa wakirudi kutoka kwenye maporomoko pale mvua ilipowashukia kwa ghafla, mvua ya mlimani isiyobisha hodi. Violet akaona paa la bati kati ya migomba, akawavuta wenzake wakakimbia. Stanley alisimama njiani akilowa. Lilikuwa paa la kwao.

"Stanley, una nini? Njoo!" aliita Violet.

Mama Nashilu alikuwa peke yake, ameketi kibarazani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa anaona mwanga na vivuli tu. Aliwakaribisha kwa furaha, akawaelekeza viti vilipo, akawamiminia loshoro, uji wa mahindi na maziwa ya mgando, iliyokuwa kwenye kibuyu. Stanley aliwafuata akitaka kukaa kimya mpaka mvua ikatike, lakini mtu na heshima zake hawezi kuingia kwenye nyumba ya mama mzee bila kumwamkia, hasa akitazamwa na baba mkwe.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Kikombe kikasimama mkononi mwa mama. "Elinami?"

"Hapana, mama. Mimi naitwa Stanley. Ni dereva wa hawa wageni."

Mvua ikapiga bati. Mama aligeuza uso upande ilikotoka sauti. "Marahaba, dereva," alisema. "Nisamehe. Uzee huu, kila sauti naidhani ya mwanangu."

Wakanywa, wakazungumza. Maulida, ambaye hakuwa na baya lolote moyoni, alikuwa akitazama uani. "Mama, hayo majani marefu mliyoyapanda kama ua, ni maua?"

"Hayo ni masale, mwanangu," alijibu mama. "Ndiyo mpaka wetu, na ndiyo msamaha wetu. Mtu akikukosea, akavunja masale, akayafunga fundo, akakuletea, huwezi kumkataa. Hata kama amekuumiza namna gani. Mimi mwenyewe kuna mtu namngoja na masale yake. Nakaa hapa barazani ili akija nisichelewe kuyapokea."

"Jamani!" Maulida akapiga makofi. "Hebu tuonyeshwe. Stanley, wewe si ndiye kiongozi wa safari? Mletee bibi masale tuone."

Violet akacheka, akamsukuma begani. Kukataa kungezua maswali, na Stanley aliogopa maswali kuliko alivyoogopa dhambi. Akatoka mvuani, akavunja shina moja changa la masale, akafunga fundo kwenye majani yake kama alivyofundishwa utotoni, akarudi, akapiga magoti.

Mama aliyapokea kwa mikono miwili. Vidole vyake vikapita juu ya vidole vya kijana, polepole, mpaka vikalifikia kovu kwenye dole gumba la kushoto. Elinami alikuwa ameliumiza kwa mundu akiwa mtoto, akikata majani ya ng'ombe, na mama ndiye aliyelifunga kwa kipande cha kanga. Vidole vikatulia pale. Machozi yakamtoka mama, yakashuka bila sauti. Kisha akainama, akamtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wa huko wanavyobariki.

"Nimepokea," alisema. "Moyoni mwangu hakuna kitu tena. Nenda salama."

"Bibi anajua kuigiza!" alisema Maulida, na Violet akacheka huku akifuta macho.

Mzee Ephraimu hakucheka. Alikuwa amevua kofia.

Mvua ilipokatika, mama aliwasindikiza hadi mwisho wa ua, amekumbatia masale yake. "Asante, dereva," alisema. "Wafikishe watu wako salama." Hakusema jina lingine. Alikwisha kuelewa kuwa mwanawe ana siri, akamsaidia kuificha, kama alivyomsaidia katika kila kitu.

Walipofika kwenye lami, Mzee Ephraimu aliomba gari lisimame. "Stanley, hata sisi Wachaga tuna masale. Masale hayachezewi, na yule mama hakuigiza. Ni nani wako?"

Mlango ulikuwa wazi, ndugu msomaji. Neno moja lilitosha, tena neno fupi ambalo kila mtoto huanza nalo. Elinami akatazama mbele.

"Simfahamu, mzee."

"Haya," alisema mzee. "Twende."

Siku chache baadaye Violet alikuja mwenyewe kurudisha pete aliyokuwa amempa. Hakufoka. "Baba aliona yule mama alivyokulilia, akajua ni mama yako. Hakuchukia umaskini," alisema. "Bibi yangu alipika pombe ya mbege mpaka anakufa. Kama ungesema tu 'huyu ni mama', ningefunga kanga nikamwoshea vyombo siku ile ile. Lakini mtu aliyemkana mama yake kwa kuniogopa mimi, mimi atanikana kwa kumwogopa nani?"

Alijiambia kuwa atakwenda kwao masika yakipita. Masika yakapita, ukaja msimu wa watalii, na msimu nao ukapita. Aibu ni kama tope la mlimani, kadiri unavyosimama ndivyo linavyokushika. Ndipo asubuhi moja Koikai, jirani yao aliyeleta maziwa mjini, alipomkuta kwenye geti la kampuni, pale pale mama alipotua mkungu.

"Elinami, pole," alisema. "Mama ametutoka. Tunamzika leo mchana."

Alipanda mlima kwa gari la kazini, na sare ya kazini mwilini. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Aliliacha gari kwenye mibuni, akaenda moja kwa moja kwenye ua, akavunja masale, akafunga fundo. Nashilu akamkuta hapo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa tulivu.

"Unampa nani?"

"Mama."

"Mama alishayapokea." Nashilu alimwonyesha pembeni mwa mlango. Shina lile alilolivunja siku ya mvua lilikuwa limepandwa, limeshika, limetoa majani mapya. "Aliyamwagilia mwenyewe, kwa kupapasa. Alisema, mwanangu alipiga magoti, mengine si kitu."

Elinami akalia kama mtoto. Alilia mpaka aliposikia mchungaji akiita, "Watoto wa marehemu wasogee, waweke udongo." Akapangusa uso, akapiga hatua. Mchungaji akaendelea, "Marehemu ameacha mtoto mmoja, Nashilu." Wazee waliomjua Elinami tangu utotoni waliinamisha vichwa.

"Nashilu, na mimi?"

Dada yake alimshika mkono, na sasa yeye pia alikuwa akilia. "Ni mama mwenyewe aliyeomba. Aliwaita wazee, akasema mwanangu ana watu wake mjini, nao hawajui kuwa mimi ni mama yake. Nikifa msimtaje, wasije wakamwaibisha kwa ajili yangu. Tuliapa mbele yake, Elinami. Nitafanyaje?"

Elinami alitaka kupaza sauti aseme, mimi ni mwanawe, mimi ndiye kitinda mimba wake. Lakini neno alilolikataa mara kwa mara halikuja alipoliita. Akabaki nyuma ya watu, masale mkononi, akiutazama udongo ukishuka kutoka mikono ya wengine.

Mazishi yalipokwisha na watu kuketi kula, mwanamke mmoja aliyeolewa pale kijijini hivi karibuni alimwona kijana amesimama karibu na gari, amevaa sare. Akamjia kwa adabu.

"Pole na safari, kaka. Wewe umewaleta wageni, eti? Madereva wanakula kule nyuma ya banda la ng'ombe. Njoo nikuonyeshe njia."

Elinami akamtazama, akatazama nyumba, akatazama banda ambalo baba yake alilijenga. Kisha akamfuata, akaonyeshwa njia ya nyumbani kwao, akapewa sahani, akaipokea kwa mikono miwili akisema asante. Kweli, mkana kwao mtumwa.