Habari za Njia ya Kikoneni

Wazee waliponena kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo, hawakuwa wakisema na waja wazito peke yao. Walikusudia kwamba mtu asimtolee maneno ya shombo yule ambaye kesho, na pengine leo hii kabla jua halijapinduka, atamhitaji. Mwenye shaka na amuulize Ngui wa Muindi, lakini amwamkie kwanza.

Ngui alizaliwa Shimba Hills, kwenye mashamba waliyopewa wahamiaji, ambako babake, Mzee Muindi, alifika kutoka Ukambani. Utotoni alikuwa na kazi moja tu, nayo ni kufukuza nyani wasimalize mahindi. Alipoota ndevu tatu za kuhesabika aliteremka Ukunda, akajifunza kuendesha pikipiki, na tangu siku hiyo akawa haambiliki hasemezeki. Alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, na jaketi la ngozi hata jua linapokaanga mawe.

Mwaka huo ulikuwa 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimezitafuna barabara, na watalii walikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Bwana Chande, aliyekodisha pikipiki pale Kona ya Musa, alikuwa amekaa siku nyingi akizipangusa vumbi pikipiki zake tatu. Kwa hiyo Jumamosi moja walipotokea Bwana Dieter na mkewe Greta, Wajerumani wa umri wa kustaafu, wakitaka kuzunguka njia za pwani na zile za changarawe za bara, nusura awabusu.

"Ngui, nisikize vizuri," alisema Bwana Chande. "Basi la kuwapeleka hawa uwanja wa ndege laondoka hotelini saa kumi kamili. Ukiwafikisha kwa wakati, kuanzia kesho wewe ndiwe kiongozi wa safari zangu zote. Ukiwachelewesha, hiyo miwani nitakuvua kwa mkono wangu, urudi kwa nyani wa babako."

"Boss, hizo njia nazijua kama mfuko wa suruali yangu."

"Mfuko wenyewe umetoboka. Umepita huko tangu mvua?"

Ngui aliipiga pikipiki teke ikanguruma, ili asilisikie swali.

Safari ilianza kwa raha. Waliikamata barabara ya kusini, minazi ikiinama huku na huku kama watu wanaonong'onezana, na bahari ikichungulia na kujificha. Biasha, mtandika vitanda wa hotelini, alikuwa amemfundisha Bi Greta neno moja la Kiswahili, nalo ni shikamoo. Hakumfundisha la kuambiwa nani. Basi Bi Greta akamwamkia kila aliyemwona: polisi, wauza machungwa, watoto wa chuo cha Kurani. Karibu na Msambweni hata mbuzi mmoja aliamkiwa, akasimamisha masikio kama anayetafuta jibu.

Walipopita Ramisi, penye kiwanda cha sukari kilichokwisha kufungwa, waliacha lami wakaingia kwenye changarawe. Vumbi jekundu likawafuata kama mkia. Baada ya mwendo kidogo wakafika njia panda. Kando yake, kwenye ua wa nyumba ya udongo, bibi mmoja aitwaye Bi Mwanapili alikuwa ameketi mkekani akishona makuti. Yaliyokwisha kushonwa yalikuwa yamepangwa nyuma yake, yakapanda kama ukuta.

Ngui alisimama bila ya kuzima injini. "Bibi! Hii ya kushoto ndiyo ya Kikoneni, siyo?"

"Asalaamu alaikum, mwanangu," alijibu Bi Mwanapili, mikono haiachi kazi. "Kizime kwanza hicho chako, chanipigia kelele kama mke mwenza."

Yafaa ijulikane kwamba upande ule maneno yana foleni yake. Mbele husimama salamu, kisha afya, kisha watu wa nyumbani, kisha mvua na mashamba. Habari za njia huja mwisho, maana ndizo nzito, na mzigo mzito hatwikwi mtu ambaye hajasimama vizuri.

"Shikamoo!" alipaza sauti Bi Greta, ambaye alikuwa amezima yake.

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Bi Mwanapili uso ulimchanua. Akamgeukia Ngui. "Huyu ana mama. Wewe uliokotwa wapi?"

"Bibi, mimi sina taimu ya hizo stori. Nina wageni."

"Basi kitendawili."

"Aah, bibi!"

"Kitendawili!"

"Tega," alisema Ngui, amekaza meno.

"Nyumba yangu ina mlango. Ukibisha hodi wafunguka, ukiupiga teke wazidi kujifunga."

"Sijui."

"Nipe mji."

"Chukua Ukunda."

"Siutaki. Huko watu hawaamkiani."

Hapo Ngui akavuka mpaka. "Bibi, kaa na vitendawili vyako na hayo makuti yako! Siku hizi watu wanaezeka mabati. Hayo hata mbuzi hali. Nijibu kitu kimoja: hii inaenda Kikoneni ama haiendi?"

"Yaenda," alisema Bi Mwanapili.

Wala hakusema uongo. Njia hiyo ilikwenda Kikoneni tangu yeye akiwa kigoli. Lililobaki lilikuwa bado nyuma kwenye foleni. Alifumbua mdomo alimalizie, lakini Ngui alikuwa ameshaondoka kwa kishindo, na kilichoingia mdomoni kilikuwa vumbi.

Kilomita moja mbele njia iliteremka ghafla, ikapinda, kisha ikakosa daraja. Palisalia nguzo mbili tu, kama meno ya kizee, na katikati yake tope jekundu lililotulia kama uji. Ngui alikamata breki, lakini breki nazo zina wakati wake. Pikipiki ikazama mpaka injini. Bwana Dieter, aliyeagizwa asubuhi amfuate kiongozi popote aendapo, alikuwa mtu wa kushika maagizo. Naye akazama. Bi Greta alisimama ukingoni, akatoa kamera, akawapiga picha.

Walisukuma, wakavuta, wakalaani kwa lugha tatu. Kila waliposukuma, tope lilimeza zaidi. Miwani ya Ngui ilidondoka, ikazama bila ya kuaga. Saa ya Bwana Dieter ilionyesha saa saba u nusu. Ngui alipoinua macho, aliona nyani watano wamekaa juu ya mti ng'ambo, wametulia, wanamtazama. Akaona kabisa kwamba wanamngoja.

Ikawa hana budi. Kiongozi wa safari alirudi njia panda amepakiwa nyuma ya Bi Greta, mwekundu toka utosini hadi kidoleni, kama kiazi kilichochimbuliwa sasa hivi. Alitaka kupiga ukelele wa msaada tangu mbali, lakini alipouona ule ukuta wa makuti, ulimi ulimgeuka wenyewe.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Ngui."

"Ngui simjui. Alipita mmoja mchana huu, lakini yule alikuwa na miwani."

"Shikamoo, bibi," alisema Ngui, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu! Karibu mkekani. Watoka wapi?"

"Shimba Hills, bibi."

"Mamako ndiye nani?"

"Syombua."

"Hajambo Syombua?"

"Hajambo." Bi Greta alitupia saa jicho. Ngui hakuthubutu kuharakisha hata silabi.

"Na babako, miguu haimsumbui na baridi ya huko?"

"Kidogo tu, bibi."

"Mahindi yalisalimika na mvua?"

"Nusu yake."

"Na nyani, hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Nimeonana nao sasa hivi."

Bi Mwanapili aliangua kicheko mpaka sindano ikamtoka mkononi. "Haya. Na za njia?"

"Za njia si njema, bibi," alisema Ngui, sauti ikikaribia kilio.

"Najua. Daraja lilichukuliwa na mvua. Watu wapita ya kulia. Nilikuwa naja kukwambia, ukanilisha vumbi." Kisha akaita, "Suleiman! Njoo na kamba! Na hawa wageni wachukue makuti haya."

"Makuti?"

"Au wataka mabati? Nenda ukayaazime Kikoneni, nasikia njia waijua."

Ngui alijitwika makuti kichwani, akaenda na kurudi mbio. Suleiman, mwanawe Bi Mwanapili, akayatandika juu ya tope tabaka kwa tabaka. Tairi zilipoyakanyaga zikapata pa kung'ata. Kamba ikavutwa, na pikipiki zikatoka moja baada ya moja kwa mlio kama wa chafya. Makuti arubaini yalibaki matopeni, hayafai tena hata kwa banda la kuku.

Wakaiacha Kikoneni kwa siku nyingine. Saa kumi kasoro dakika tatu waliingia lango la hoteli, huko Diani. Bwana Chande alikuwa amesimama getini, jasho likimtiririka kuliko wao.

"Mbona umekuwa tofali?" aliuliza. "Na miwani iko wapi?"

"Nimemwachia mwenye njia," alijibu Ngui.

Basi likapiga honi. Bi Greta alimkumbatia Ngui kwa tope lake lote, akamwambia "Shikamoo!" na kupanda. Bwana Chande, mtu wa neno lake, akampa Ngui kazi.

Jumamosi iliyofuata pikipiki ilifika njia panda taratibu, ikazimwa mbali. Ngui alibisha hodi, akaamkia, akamaliza foleni yote pasi na kuruka mtu. Kisha akasema, "Bibi, kile kitendawili. Ni mdomo wa mwenyeji."

"Umechelewa, lakini umefika. Keti."

Akamsukumia lundo la makuti mabichi, sindano na kamba. Arubaini yalikuwa yakimngoja. Ngui alishona mpaka alasiri, na kila sindano ilipomdunga kidole, Bi Mwanapili alimuuliza bei ya mabati. Aliinamia kazi yake kwa adabu, kwa kuwa sasa alijua bila ya kuambiwa kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo.