Shimo la Nyuma ya Jiko

Kiazi kilichojeruhiwa hakiwekwi akiba. Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia hivyo wale ndugu wawili waliomaliza msimu mzima bila kupeana salamu, nanyi mmekuja kuniuliza ugomvi wa mpaka wa shamba unahusiana vipi na viazi. Kaeni basi. Methali hii haikutungwa na mtu aliyetafuta maneno mazuri. Ilimtoka mama mmoja kinywani siku aliyokuwa hana neno jingine la kusema, na ilianza hivi.

Juu kwenye milima ya Upare, kabla barabara haijafika huko, aliishi mjane aliyeitwa Nakijwa. Mwanawe wa pekee, Mrindoko, alikuwa akikata mkonge katika mashamba ya mbali, na nyumbani alionekana mara moja tu kwa mwaka. Waliobaki ni Nakijwa na mke wa mwanawe, Namkunda. Huyu Namkunda hakuwa mtu wa mlimani. Kwao kulikuwa chini tambarare, kwenye jua kali, ambako watu hulima mtama na kufuga mbuzi. Viazi vitamu alikuwa akivila, lakini kuvilima na kuvihifadhi alikuja kujifunzia kwa mama mkwe.

Na hakuna ambaye angemfundisha vizuri zaidi. Nakijwa alikuwa ameonja njaa utotoni, akaapa kwamba njaa haitamkuta tena mikono mitupu. Juu ya jiko lake kulikuwa na dari iliyojaa mahindi ya magandani, yakipata moshi kila siku. Maharage aliyatia kwenye vibuyu pamoja na majivu ili wadudu wasiyaguse. Magimbi aliyaacha shambani mpaka siku ya kuyapika. Lakini kilichompa sifa katika kijiji kizima ni shimo la viazi nyuma ya jiko, chini ya upenu, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki. Alilitandika nyasi kavu na majivu, akapanga viazi kwa tabaka, majivu tena, nyasi tena, kisha akalifunika kwa udongo. Kiangazi kilipobana, wengine wakichemsha majani matupu, kwa Nakijwa kulitoka viazi vitamu zaidi kuliko vya siku ya mavuno.

"Siri ni kuchagua," alimwambia Namkunda mwaka wa kwanza. "Kizima kinaingia shimoni. Kilichoguswa na jembe, hata kama jeraha ni dogo kama ukucha, kinaingia chunguni leo. Ukikificha kati ya wenzake, kitaoza na kuviozesha vyote, na wewe huku juu hutajua."

Namkunda alishika. Kila alipopanga viazi shimoni aliinua kile alichokitilia shaka na kuuliza, "Mama, na hiki?" Nakijwa, ambaye magoti yake hayakumruhusu tena kushuka shimoni, alikipokea, akakigeuza juani, akatoa hukumu. Waliishi vizuri. Namkunda alijifungua mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakumaliza mwaka. Nakijwa ndiye aliyewaosha watoto wale na kuwafunga sanda, na alilia pamoja na mama yao hadi sauti ikamkauka. Ndiyo maana lile neno, lilipokuja, hata yeye mwenyewe hakujua lilitoka wapi.

Lilikuja siku ya mavuno. Wingu zito lilikuwa limetanda na viazi vilipaswa kutoka ardhini kabla mvua haijashuka. Majirani walikuja kusaidia. Namkunda hakuwa amepona vizuri tangu amzike mtoto wa pili. Mikono ilikuwa haina nguvu, na jembe lake lilikuwa likitua mahali pasipotakiwa. Kila tuta alilolifungua lilitoa viazi vilivyokatwa. Nakijwa alipita nyuma yake akiokota, na kila alichookota kilikuwa na kidonda cheupe kinachotoa utomvu. Hofu ya njaa ikampanda, naye akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Namkunda, mkono wako huu una nini? Kila unachokishika hakidumu."

Majembe yote yalisimama. Jirani mmoja alijifanya anatafuta kitu kwenye majani. Namkunda hakuinua kichwa.

"Nisamehe, Mama," alisema, akaendelea kuchimba.

Nakijwa alijua pale pale alichokifanya. Ulimi ulikuwa bado una joto la lile neno, na moyo ulishaanza kumsuta. Lakini majirani walikuwapo na mvua ilikuwa njiani, naye akaona si mahali pake. Nitamwambia jioni, alijisemea. Jioni alimkuta Namkunda amechoka, akaona amwache apumzike. Kesho yake kulikuwa na kazi ya shimo.

Siku ile Namkunda alishuka shimoni akapanga viazi kuanzia asubuhi mpaka jua lilipopinda, na hakuuliza hata mara moja, "Mama, na hiki?" Nakijwa aliketi ukingoni akimpasia vikapu vilivyochanganyika vizima na vilivyokatwa, akiamini kwamba vilivyokatwa anavitenga mwenyewe. Aliusikia ukimya ule. Alidhani ni hasira, akasema moyoni, ngoja ipoe kwanza.

Ikapita wiki, ukapita mwezi. Jambo ambalo siku ya kwanza lingemalizwa kwa maneno matatu likazidi kuwa gumu kulianza. Nakijwa akatafuta njia nyingine. Akipika, mnofu mzuri aliuweka kwenye sahani ya Namkunda. Alimnunulia kanga mpya mnadani. Namkunda alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akashukuru, akainuka kwenda kuosha vyombo. Hakuwa na kinyongo cha kuonekana. Alisalimia, alichota maji, alimkanda mama mkwe magoti kwa mafuta ya moto kama zamani. Ila alikuwa haimbi tena akitwanga.

Mvua zilizofuata hazikuja. Mahindi ya dari yaliisha, vibuyu vya maharage vikabaki vyepesi. Nakijwa hakuwa na wasiwasi, kwa sababu shimo lilikuwa halijaguswa. Walilifungua asubuhi moja, wao wawili. Udongo ulipoondolewa, harufu iliwapiga usoni. Namkunda aliingiza mkono, ukatoka na uji mweusi. Akaingiza tena, chini zaidi, akatoa nyasi zilizolowa na ganda tupu. Tabaka baada ya tabaka, hapakuwa na kiazi hata cha kumpa mbuzi.

Nakijwa aliketi chini.

"Uliviweka vilivyojeruhiwa?" aliuliza.

"Niliviweka, Mama."

"Kwa nini, mwanangu? Nilikufundisha."

Namkunda alijifuta mikono kwenye nyasi. "Vilikuwa vingi. Ningevileta jikoni ungeviona tena vyote, na maneno yangeanza upya. Nikaona bora nivifunike."

Palikuwa pamefunguka mlango, na Nakijwa aliuona. Angeweza kusema pale pale. Lakini alikuwa na aibu, na alikuwa na njaa ya kesho mbele yake, akasema, "Basi, yamekwisha. Tutakula nini sasa?"

"Nitashuka nyumbani," alijibu Namkunda. "Mama yangu hakosi mtama."

Asubuhi iliyofuata alijitwika kapu tupu. Nakijwa alimsindikiza mpaka njia inapoanza kuteremka, magoti yakimuuma. Walipofika alimshika mkono.

"Ukirudi, nina neno nataka kukwambia."

"Niambie sasa, Mama."

Namkunda aliweka kapu chini, akasimama akimtazama. Alikuwa anangoja. Nakijwa alifungua mdomo, na neno likakwama pale pale lilipokuwa limekwama miezi yote.

"Ni refu," alisema. "Nenda kabla jua halijawa kali. Tutaongea ukirudi."

Namkunda alijitwika kapu lake, akaondoka.

Mtama ulifika kabla yake. Akina mama waliotoka gulioni waliuleta, pamoja na salamu kwamba Namkunda ameshikwa na homa, atapumzika kidogo ndipo apande mlima. Nakijwa alipika uji wa mtama ule, akala, na kila kijiko alikimeza kwa shida. Salamu za pili hazikuwa nzuri: homa haijamwachia, ameanza kuweweseka. Nakijwa hakungoja za tatu. Alikata fimbo, akateremka mlima ambao alikuwa hajauteremka tangu alipokwenda kumposea mwanawe. Njiani alilisema lile neno kwa sauti, tena na tena, ili lisije likamkwama tena. Nisamehe, mwanangu. Nilisema vibaya. Mikono yako haina kosa. Lilikuwa fupi kiasi cha kumalizika kati ya hatua mbili.

Alipokaribia mji wa kina Namkunda aliona watu wengi wameketi chini. Kando ya zizi la mbuzi palikuwa na udongo mpya uliolundikwa vizuri. Walikuwa wamemzika asubuhi ile.

Mama yake Namkunda, Nasemba, alikuja kumpokea. Walishikana, wakalia, kisha Nasemba akamketisha kwenye mkeka karibu naye.

"Alikusifu, mwenzangu," Nasemba alimwambia. "Kila alipokuja hapa alitwambia jinsi ulivyomfundisha kuhifadhi chakula. Hatujasikia baya lako lolote kinywani mwake."

Hapo Nakijwa alivunjika. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Lakini kukuta mtoto wa watu amelibeba neno lile peke yake, hata mama yake mzazi asimwonjeshe, hilo lilimzidi nguvu. Mbele ya matanga yote alisimulia alichokisema siku ya mavuno, bila kujitetea, mpaka mwisho. Kisha akamwambia Nasemba, "Nisamehe."

Nasemba alimshika bega. Sauti yake haikuwa na ukali.

"Mimi siwezi kusamehe neno ambalo sikuambiwa mimi. Mwenye nalo yuko pale. Mbona hukumwambia alipokuwa hai?"

"Nililiweka," alisema Nakijwa. "Niliona leo si siku yake, na kesho si siku yake. Nikamfunika na kidonda chake, nikadhani kitapona huko gizani." Alitazama ule udongo mpya. "Kwetu kiazi kilichojeruhiwa hakiwekwi akiba. Nilijua. Ni mimi niliyemfundisha."

Nasemba alimwinulia kata ya maji. "Kunywa," alisema. "Umetoka mbali."

Waliokuwa matangani waliondoka na maneno yale, wengine wakayapandisha mlimani, wengine wakayapeleka tambarare, na ndivyo yalivyotufikia. Mrindoko aliporudi kutoka mkongeni, mama yake hakusubiri atue mzigo. Alimweleza yote mlangoni, angali amesimama na vumbi la safari. Mrindoko alisikiliza, akaenda kukaa kwenye makaburi ya watoto wake mpaka jua likazama, na mwaka uliofuata hakurudi, wala uliokuja baada ya huo. Nakijwa aliendelea kuchimba shimo lake kila mavuno, akisaidiwa na wasichana wa majirani. Wakiinua kiazi chenye alama ya jembe, hata ndogo kama ukucha, na kumuuliza kama kinaweza kuingia na vingine, alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakiweka kando, kwenye kapu la kupikwa siku hiyo hiyo.

"Hapana, wanangu," alikuwa akiwaambia. "Kiazi kilichojeruhiwa hakiwekwi akiba."