Jina la Swala, Nyama ya Kondoo

"Jina hupewa, damu huulizwa." Mmeyasikia maneno haya leo mnadani, mkacheka pamoja na watu bila kujua mnacheka nini. Sasa mnataka niwaambie yametoka wapi. Wapo watakaowajibu kwamba ni ya wahenga, na mtu akishasema wahenga huwa hana la kuongeza. Mimi aliyeyasema kwanza nilikaa naye meza moja kazini. Kisa chenyewe kilianza hivi.

Nilikuwa nikifanya kazi katika maabara moja ya mifugo. Ukituletea kipande cha nyama, hata kama kimekauka kama soli ya kiatu, tulikitoa jeni na kuisoma, nayo hutoka kama mstari mrefu wa herufi nne zinazojirudia. Mstari huo tuliutafutia mwenzake mtandaoni, kwenye hazina kubwa ambako wataalamu wa dunia nzima huweka jeni za wanyama, kila moja na jina lake. Kompyuta hulinganisha, kisha hupanga majibu, linalofanana zaidi likiwa juu.

Mkuu wetu, Dokta Kileo, alikuwa na desturi yake. Tulichapa jibu la juu peke yake. Mahakama, alisema, haitaki hadithi, inataka jina. Nasi tulizoea, maana mazoea yana tabu.

Basi ikaletwa nyama ya Bura Amsi. Huyu alikuwa muuza nyama kutoka huku kwetu Mbulu, kijana mwenye mke na watoto wadogo. Askari wa wanyamapori walimkamata kando ya msitu na mfuko wa nyama kavu kwenye baiskeli. Yeye alisema ni kondoo wake mwenyewe. Askari walisema ni swala. Nyama ikishakauka, nani ataitambua kwa macho? Na mnajua kifungo cha nyamapori: mtu huingia kijana akatoka mzee, kama atatoka.

Tulisoma jeni, tukatafuta, na jibu la juu likaja likilingana herufi kwa herufi. Swala. Dokta Kileo akaandika ripoti, akatia sahihi. Sahihi ya pili ilitakiwa iwe ya Dokta Naserian, mwenzangu wa meza moja, na kesi ilikuwa mchana uleule. Askari alikwisha kaa kwenye benchi mlangoni, akiisubiri bahasha.

Naserian hakuchukua kalamu. Alifungua majibu yote, akashuka chini. Jibu la pili lilikuwa kondoo. La tatu kondoo. Akaendelea kushuka, ni kondoo watupu, wakipishana na nyama yetu herufi moja au mbili. Swala alikuwa mmoja tu, kileleni.

"Mzee, njoo uone," aliniambia. "Swala gani huyu anayeishi zizini?"

Akaichukua jeni ya yule swala wa juu, akailinganisha na za swala wengine waliomo kwenye hazina. Walitofautiana vibaya. Akailinganisha na za kondoo, zikakaa pamoja kama ndugu. Mlangoni askari alikuwa anatazama saa.

Dokta Kileo akaja. Hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kucheleweshwa.

"Dokta, tia sahihi. Gari linasubiri."

"Siwezi, mkuu."

"Huwezi nini? Kompyuta imesema swala."

"Haijasema swala. Imesema nyama hii inafanana na kitu ambacho mtu fulani alikiita swala. Huyo mtu simjui, na mnyama wake sijamwona."

"Sasa wewe unaijua kuliko dunia nzima?" Kileo aliuliza. "Huenda hao wengine ndio waliokosea, na huyu mmoja ndiye sahihi."

"Huenda," alisema Naserian, akiisukuma ripoti kando. "Ndiyo maana hata kondoo siwezi kuandika leo. Jina hupewa, mkuu. Damu ndiyo huulizwa. Nipe nafasi niiulize."

Kileo akamwambia wazi kwamba asiposaini ataondolewa kwenye kesi zote. Naserian akatoka mlangoni, akamwambia askari kwamba ripoti haipo, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda kujieleza kwa hakimu.

Nilimsindikiza. Mahakamani hakimu alimuuliza kwa ukali kwa nini anaichelewesha kesi, naye akayarudia maneno yaleyale. Hakimu akaiahirisha. Bura alirudishwa mahabusu akimtazama Naserian kwa chuki, maana yeye alichoelewa ni kwamba mama huyu amemrudisha ndani. Nyuma kabisa alikaa mama yake Bura, akisikiliza kila neno.

Tukaanza kuuliza damu. Daktari wa wanyamapori alikuwa akimtibu swala aliyevunjika mguu, akatupa damu yake, na tulikuwapo alipoichukua. Tukaenda zizini kwa Bura, tukachukua damu ya kondoo wake. Tukasoma zote upya, na Naserian akamtaka Kileo mwenyewe akae hapo ashuhudie. Nyama ya mfukoni ilikuwa mbali kabisa na yule swala. Na kondoo wa zizini, mmoja wao alilingana nayo herufi kwa herufi.

Tukamwandikia aliyeiweka ile jeni mtandaoni. Alikuwa mwanafunzi wa nchi ya mbali. Alijibu kiungwana kwamba mnyama hakumwona. Alinunua kipande cha nyama sokoni, muuzaji akamwambia ni swala, naye akaandika swala. Kumbe mtu aliuziwa kondoo kwa jina la swala, na kwa jina hilo mwingine alikaribia kuozea gerezani. Dokta Kileo aliisoma barua ile akiwa amesimama. Akachukua ripoti yake, akaichana, na tangu siku ile hatukuchapa tena jibu moja.

Bura akaachiwa. Lakini nyumbani jina lilikwisha tangulia. Mnadani watu walimpita, wakisema chini kwa chini, lisemwalo lipo. Nyama yake ilikaa mpaka nzi wakaichoka. Watoto wake waliitwa watoto wa jangili.

Ndipo siku moja ya mnada mama yake akaja, akasimama mbele ya meza ya nyama ya mwanawe, akawageukia watu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu mmempa jina," alisema. "Ni sawa, jina hupewa. Hata mimi nilimpa la kwake, na sikumwomba ruhusa. Lakini damu huulizwa. Mahakamani waliiuliza, nikiwa nimekaa pale. Ninyi mliiuliza lini?"

Jirani wa Bura wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyemwita jangili kabla ya wote, alisogea akiwa ameinamisha kichwa.

"Nikatie kilo, Bura," alisema.

Bura akashika kisu, akamkatia. Kuanzia hapo, huku kwetu mtu akija na jina la mwenzake mdomoni, huambiwa: jina hupewa, damu huulizwa.