Mwisho wa Kitabu Uko kwa Mwenzio

Mwisho wa kitabu uko kwa mwenzio. Mmelisikia neno hilo asubuhi ya leo, mama yenu alipowaona mmenuniana, mkaja kwangu kuniuliza ni kitabu gani hicho. Haya, sogeeni jikoni, baridi hii ya Upare haina adabu. Msinikatize lakini, nikikatizwa nasahau na nikisahau nanuna. Neno hili lina wenyewe, na lilianza hivi.

Huko Usangi, karibu na soko, alikuwapo fundi cherehani jina lake Nakijwa. Mkono wake ulikuwa mzuri, ila ulimi ulitangulia akili. Alikuwa na rafiki wawili wa kufa na kuzikana: Mwanaidi, mpishi wa shule ya msingi, na Eliwaza, muuguzi wa zahanati. Siku moja Eliwaza alirudi kutoka mjini na kitabu kinene kilichochakaa, hadithi ya Ugiriki ya kale. Kilisimulia habari za msichana wa Athene aitwaye Melita na rafiki yake Kleo, vita ilipowakuta. Kitabu kilikuwa kimoja na wao watatu, basi wakakubaliana kukisoma pamoja kila Jumapili alasiri, barazani kwa Nakijwa, kwa chai ya tangawizi.

Jamani, kitabu kiliwaingia! Msomaji alikuwa Mwanaidi, maana koo lake lilizoea kuita shule nzima kwenye uji. Zikija merikebu za vita, alipiga mwiko mezani kama makasia. Eliwaza alimlilia kila aliyekufa, hata adui. Nakijwa naye aliwashonea wote vazi la bega moja la Kigiriki, nao wakalivaa juu ya masweta, pale pale barazani, bila haya. Watu wa sokoni wakawapa jina, Wagiriki, nao wakaitwa wakaitika.

Kitabu chenyewe kilikuwa kinaachia kurasa. Nakijwa akakigawa mafungu matatu, kila fungu akalishonea ndani ya kitambaa na kulimalizia kwa fundo lake, ambalo halifunguki mpaka likatwe. La kwanza akabaki nalo, la kati akampa Eliwaza, la mwisho akampa Mwanaidi. Sharti lilikuwa moja, kwamba uzi haukatwi mpaka wote wameketi. Kila mmoja alijijua, kwani uroho wa hadithi hauna tofauti na uroho wa nyama.

Wakafika mwisho wa fungu la kati. Tauni imezuka bandarini, na Kleo ametoka huko huko bandarini, anagonga mlango wa Melita na kumwita kwa jina. Ndani amelala mdogo wake Melita, kichanga. Melita akashika komeo, na fungu likaishia hapo.

Nakijwa alisema afungue, tena upesi, kwani asiyemfungulia rafiki yake hana utu. Mwanaidi akasema asifungue, ndani mna mtoto. Wakabishana, kwanza kwa kicheko, kisha kicheko kikaisha. Ndipo Nakijwa akasema neno ambalo hakulipima.

"Wewe lazima umtetee. Mwanangu alipougua surua, ulikanyaga kwangu?"

Mwanaidi aliinuka. Alivua vazi lake la Kigiriki, akalikunja, akaliweka juu ya cherehani, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nakijwa alijiambia kwamba hana haja naye, anachotaka ni kitabu tu, akamtuma Eliwaza akalete fungu la mwisho. Eliwaza akarudi mikono mitupu, na jibu alilopewa ni hili: "Mwambie mwisho wa kitabu uko kwa mwenzie, na miguu anayo." Nakijwa akachemka. Akasema basi akae nacho, bila shaka ameshakisoma zamani. Lakini hata akiwa anapinda suruali za watu, aliusikia ule mlango wa Athene ukigongwa, na aliyekuwa nje akigonga alikuwa na sura ya Mwanaidi.

Kisha zikaja habari kwamba mume wa Mwanaidi amehamishiwa Songea, na familia nzima inaondoka Jumamosi. Songea, wajukuu zangu, siyo mtaa wa pili. Nakijwa aliacha sindano imesimama ndani ya kitambaa cha mteja, akatoka mbio na utepe wa kupimia shingoni.

Alipiga hodi. Mwanaidi alikuwa akifunga masufuria kwa kamba. Alipomwona aliiacha kamba. Aliingia ndani, akatoka na fungu la mwisho, akampa.

"Chukua. Nisije nikaondoka na mali ya watu."

Nakijwa akalipapasa kwa kidole gumba kutafuta mahali palipokatwa. Akakuta fundo lake mwenyewe, zima, kama alivyoliacha.

"Hukusoma?"

"Ningesoma na nani?" alisema Mwanaidi. "Siku ile ya surua nilifika mpaka mlangoni kwako, Nakijwa. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nikainua mkono nigonge, nikashindwa, nikarudi. Ule mlango sijautoka mpaka leo. Sikumtetea Melita. Nilijitetea mimi."

Nakijwa akaketi juu ya mzigo, akalia.

"Nisamehe, mwenzangu. Nilijua una kichanga. Nilijua tangu siku ile. Nilitaka tu mtu wa kulia naye."

Walikaa wameshikana mikono, uji wa mtoto ukaungua jikoni. Halafu Eliwaza akaitwa, na mambo yakawa ya kuchekesha: fundi mzima amekuja bila mkasi! Uzi ukakatwa kwa kisu cha vitunguu. Wakasoma katikati ya mizigo, Mwanaidi akipiga sufuria kwa kuwa mwiko ulikuwa umeshafungwa, mpaka ukurasa wa mwisho.

Nakijwa alitaka kuyaunga mafungu yawe kitabu kimoja tena, kiwe zawadi ya safari. Mwanaidi akakataa. Alisema kila mtu akae na lake, ili atakayetaka kusoma tena alazimike kupanda basi. Na walipanda mabasi hayo miaka na miaka, wakaja kuozeshana watoto na kuzikiana waume. Jirani wakigombana sokoni, watu waliwaambia neno lile la Mwanaidi, likazoeleka, likawa methali.

Sasa mnanitazama hivyo mnataka nini? Kama Melita alifungua? Najua alichofanya, ila kwangu hamtakipata. Mimi Eliwaza ninalo fungu la kati tu, liko kabatini, katika kitambaa cha bluu. La kwanza liko kwa Bibi Nakijwa. Nendeni mkaliombe, nyote wawili, mmoja asome na mwingine asikilize. Mkimaliza langu, Bibi Mwanaidi anakuja sikukuu, na fungu lake huwa haliachi nyumbani.

Lakini kwanza salimianeni, niwaone. Mwisho wa kitabu uko kwa mwenzio.