Nyumba ya Mgeni Rasmi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakioa, wakijenga na kwenda kanisani Jumapili kama sisi, alikuwepo Pimbi mmoja, mfupi wa kimo, mwepesi wa miguu na wa maneno. Ndiye aliyekuwa katibu wa Umoja wa Wanaume wa kanisa la bondeni.

Mwaka huo Umoja uliandaa kongamano kubwa. Wanaume walikuja kutoka kila upande, ngoma zikalia ndu, ndu, ndu siku tatu, mpaka vumbi likafunika paa la kanisa. Siku ya mwisho mwenyekiti wao, Nyati, aliwakumbusha kuwa mafuriko yalimchukua mwenzao Digidigi pamoja na nyumba yake, na kwamba mjane wake anaishi pangoni na watoto watatu. Tembo akalia kwa sauti. Kiboko akapiga magoti. Wote tisini na wawili wakaapa kukutana kila Jumamosi, na kazi ya kwanza iwe nyumba ya mjane kabla ya mvua.

Pimbi aliandika majina yote kwa furaha.

Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Wakazungumzia jinsi kongamano lilivyofana, wakanywa chai, wakatawanyika. Ya pili walikuja wanne. Ya tatu Pimbi alikaa peke yake kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua la mchana, akisikiliza nzi.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Tembo alimwambia bado anapumzisha mwili. Nyati alisema jambo hilo analiombea. Mvua zikaanza. Pimbi alipokwenda pangoni alimkuta Mama Digidigi akihamisha watoto kutoka kona yenye maji kwenda kona nyingine yenye maji. Mdogo wao alikuwa akikohoa, kho, kho. Mama hakulaumu mtu. Aliuliza tu kama wanaume wamepanga siku. Pimbi akasema wiki ijayo, akaona aibu, maana wiki iliyopita alisema hivyo hivyo.

Kutoka hapo akaenda kwa Kiboko, akamkuta amejilaza matopeni.

"Lile kongamano lilinigusa sana, Katibu," Kiboko akasema. "Jingine lini?"

"Jumamosi hii," Pimbi akasema.

Siku ile ile akatangaza bonde zima kwamba linakuja kongamano la pili, kubwa kuliko la kwanza, na mgeni rasmi ametoka mbali kwa taabu. Ila mgeni huyo hana pa kufikia, kwa hiyo wanaume wafike mapema wamjengee nyumba.

Basi wakafika. Wote tisini na wawili, na wengine ambao hawakuwahi kuandikwa. Tembo aling'oa miti na kuisimika, kwa! kwa! Nyati alikanyaga udongo mpaka ukalainika. Kiboko alileta manyasi ya kuezekea, akarudi kuleta mengine. Waliimba wakifanya kazi, na jua lilipofika kichwani nyumba ilikuwa imesimama, na jiko lake pembeni.

Nyati aliuliza kwa nini mlango ni mdogo hivyo. Pimbi akamjibu kwamba mgeni ni mnyenyekevu wa umbo.

Kisha wakajipanga mistari miwili, wakakung'uta vumbi, wakangoja wakiimba.

Aliyetokea njiani alikuwa Mama Digidigi, kama alivyoagizwa na Pimbi siku chache kabla, amejitwika chungu kichwani na kubeba mkeka kwapani. Nyuma yake walikuja watoto wawili.

Wimbo ukakatika. Pimbi, aliyekuwa amejiandaa kucheka, akanyoosha shingo kutazama nyuma yao. Njia ilikuwa tupu.

"Mama," akauliza polepole, "yule mdogo?"

"Tulimzika jana," akasema mama. "Nilikosa wa kumtuma aje awaambie."

Mama akawageukia wale wanaume, akawashukuru kwa nyumba, na sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo. Akasema siku zile za kongamano yeye na watoto waliwasikia wakiimba tangu kule pangoni, na mdogo alizipenda zile nyimbo, akawa anauliza kila kukicha kama waimbaji wanakuja leo.

Akainama, akaingia ndani na watoto wake.

Tembo akaanza kulia, kama alivyolia mara ya kwanza, na wengine wakamsogelea kumfariji. Nyati akakohoa, akasema kwamba, pamoja na majonzi haya, Umoja umetimiza ahadi yake, na ingefaa liandaliwe kongamano la shukrani. Wengi wakaitikia amina.

Pimbi hakuitikia. Alikuwa amewashinda wakubwa wote kwa akili, nao walikuwa hawajajua hata kwamba wamechezewa. Aliwaza ule uongo wake wa siku moja uliojenga nyumba, na zile Jumamosi zote alizokaa kwenye benchi akingoja kama mkweli. Akaenda pangoni kumchukulia mama vyombo vilivyobaki, na Kiboko, bila kuambiwa, akamfuata nyuma. Wenzao walibaki pale wakichagua tarehe.

Hadithi yangu imefika hapo, wanangu, nanyi shikeni hili: ahadi iliyotolewa mbele ya umati hutimizwa siku ambayo umati haupo, tena mapema.