Nani Avae Joho la Siwema?

Sogeeni karibu, nina kesi ya kuwapa. Nimeizungusha kichwani tangu niliposimuliwa na bado haijanikalia sawa, kwa hiyo leo nawatupia nyinyi mhangaike nayo.

Huko Muheza kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Siwema, mtu wa papara, asiyeweza kukaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Watu watatu walimzunguka, kila mmoja na kipaji chake. Dada yake Mwantumu, mfanyabiashara wa machungwa, alikuwa na kipaji cha kuuliza. Akikushika kwa maswali utautafuta mlango. Mjomba wake, Mwalimu Kiondo, mstaafu wa hesabu, alikuwa na kipaji cha kufafanua. Jambo lililokushinda mwaka mzima angekuelewesha kabla kahawa haijaisha. Na mama mkwe wake, Bi Mgeni, alikuwa na kipaji cha kutobanduka. Akisema hapa nakaa, hata tingatinga lingepita pembeni.

Siwema alikuwa ameacha chuo alipojifungua pacha, akiwa amebakiza masomo matatu tu apate shahada. Sasa chuo kikamwambia ayakamilishe kabla mwaka wa masomo haujaisha, la sivyo yote aliyosoma zamani yanafutwa. Kurudi darasani hawezi, ana kazi na watoto. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja: asome mtandaoni kwa mtoaji mwingine wa kozi, kisha chuo kihamishe krediti zake, yaani kiyahesabu masomo hayo kana kwamba aliyasomea palepale chuoni.

Hapo ndipo roho ilipoanza kumwenda mbio. Watoaji wa kozi wamejaa tele mtandaoni, na kila mmoja anajisifu. Alichambua, akachambua tena, akabaki na watatu. Wa kwanza alikuwa wa bei ya chini kabisa, karibu na bure, na cheti chake kilikuwa na nakshi za dhahabu na muhuri mkubwa. Wa pili alilipisha kwa mwezi. Ukisoma haraka unaokoa, ukizubaa unaumia. Wa tatu alilipisha kwa kila somo, bei ya kati, na tovuti yake ilikuwa imechakaa utadhani aliyeitengeneza alikuwa na homa. Siwema akampenda wa kwanza. Alishachagua hata mahali ukutani pa kukitundika kile cheti.

Mwantumu alimkuta na simu mkononi, kidole tayari kulipa.

"Hebu ngoja. Cheti hiki anakipokea nani?"

"Dada, soma mwenyewe. Wameandika kinatambulika dunia nzima."

"Nani kaandika?"

"Wao."

"Mdogo wangu, mimi simuulizi mwenye shamba kama machungwa yake matamu. Namuuliza anayekuja kuyapakia kwenye gari. Chuo chako umekiuliza?"

Hakuwa amekiuliza. Kesho yake Mwantumu aliacha shamba zima la machungwa aliyokwishaagiza, akapanda basi hadi chuoni, akamganda msajili kwa maswali mpaka yule bwana akasahau kula mchana. Akarudi na jibu. Mtoaji wa kwanza anatoa cheti tu, krediti hana, chuo hakimtambui. Wa pili anakubaliwa, ila somo la takwimu halihesabiwi, kwa kuwa mtihani wake haufanywi chini ya usimamizi. Wa tatu, mwenye tovuti ya homa, anakubaliwa kwa yote matatu. Machungwa ya Mwantumu walishayabeba wafanyabiashara wengine. Siwema alimkumbatia, maana mwaka ungekwisha akiwa na urembo wa ukutani na hana kingine.

Basi akajiandikisha kwa wa tatu. Masomo mawili akayapita vizuri. La mwisho, takwimu, likamkaba koo. Aliitazama video ileile mpaka akaichukia sura ya mhadhiri. Kila jaribio la mazoezi alifeli, na mtihani wenyewe unaruhusiwa kuufanya mara moja tu. Akaanza kuwafokea watoto, kuunguza wali, kulia jikoni na kusingizia vitunguu.

Mwalimu Kiondo alikuwa ametoka kupasuliwa jicho, na daktari alimkataza kusoma na kukaa penye vumbi. Kusoma hakusoma. Lakini kila alasiri alikuja na bandeji yake, akaagiza gunia la maharage lifunguliwe, akaketi na Siwema mbele yake.

"Chota konzi moja. Mabovu yako mangapi?"

"Matatu, mjomba."

"Haya. Ili ujue gunia hili limeharibika kiasi gani, utachambua punje zote?"

"Nitakufa kabla sijamaliza."

"Basi hiyo konzi yako ndiyo sampuli. Ndiyo hiyo inayokuliza jikoni."

Siwema akacheka, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau. Siku hadi siku maharage yakamwagwa, yakapangwa, yakageuka wastani na uwezekano. Vumbi lake likaingia chini ya bandeji. Daktari alipoliona lile jicho alifoka, na mpaka leo Mwalimu Kiondo analifinya akitazama mwanga.

Ikafika siku ya mtihani, Jumamosi asubuhi. Msimamizi yuko mbali, anakutazama na kukusikiliza kupitia kompyuta. Ikisikika sauti nyingine tofauti na yako, mtihani unafutwa. Siwema alijifungia chumbani, akawasha kamera, akavuta pumzi. Mara akasikia kutoka nyumba ya pili: "Haloo, haloo, moja mbili." Jirani alikuwa anamwoza binti yake, na spika zilikuwa ndiyo kwanza zinajaribiwa. Kutoka nje hawezi, akitoka mbele ya kamera amekwisha. Na mbele ya kamera lazima atulie.

Bi Mgeni, aliyekuwa nje na pacha, naye alizisikia. Alivuka ua na kanga zake, akawasalimia vizuri, akawaomba wasubiri mkwewe amalize. Wakamwambia, mama, harusi haisubiri mtihani. Yeye akachomoa waya wa umeme wa spika, akaukunja, akauweka chini, akaukalia.

Mshereheshaji akaja na uso wa kubembeleza. "Mama yetu, tunaomba waya."

"Njoo uchukue, mwanangu," akasema, na wala hakusogea.

Nani angemwinua mtu mzima yule mbele ya wageni? Watu wakala pilau yao kimyakimya kana kwamba wako hitimani. Mama wa bibi harusi, shoga wa Bi Mgeni tangu wakiwa wasichana, hajaitikia salamu yake hadi leo.

Siwema akafaulu, chuo kikahamisha krediti zake, shahada ikapatikana. Na hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanzia.

Ukoo wa Siwema una desturi. Mhitimu akitoka ukumbini huvua joho na kumvisha mtu mmoja, yule aliyemfikisha. Mmoja tu, na joho halivishwi mtu wa pili. Picha yake hutundikwa juu ya mlango wa sebule, na tangu hapo huitwa mzazi wa shahada. Katika kila shughuli yeye ndiye wa kuulizwa kwanza. Angevaa mama yake Siwema, lakini mama alishatangulia mbele ya haki, na siku ya mahafali Siwema alimkumbuka mpaka akaumwa kifua.

Alisimama nje ya ukumbi, juani, na joho lake la kukodi. Kwenye dirisha la kukodishia majoho walikuwa wanatangaza yarudishwe upesi. Mumewe alishajitoa: "Hilo la kwenu, mimi nimeshika watoto."

"Mimi sidai," alisema Mwantumu, huku anasogea. "Ila bila maswali yangu leo ungekuwa na muhuri wa dhahabu, shahada huna."

Mwalimu Kiondo akacheka. "Na angefeli takwimu, chuo kingehamisha nini? Maharage?"

Bi Mgeni alikwenda tu akakaa kwenye kiti cha mpiga picha, nanyi mnamjua akikaa.

Siwema akawatazama, miguu haitulii. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Mjomba ni tumbo moja na huyo mama. Na mama mkwe hana damu naye hata tone, lakini ndiye aliyempoteza rafiki wa maisha kwa ajili ya mtoto wa watu. Angekosekana mmoja, wale wengine wawili wangekuwa wamehangaika bure.

"Dada, joho!" wakaita dirishani.

Amelivua. Liko mikononi. Sasa wewe unayenisikiliza, ungemvisha nani? Wala usiniambie wote watatu, joho ni moja na mpiga picha ameshainua kamera.